Isale la timu ya chuo

Hilaria uko wapi?? Mkuu wa chuo katangaza pale pale uwanjani, "Timu nimeivunja!"

Sawa, tumefungwa msimu mzima, na leo tumekula tano. Lakini kuivunja? Vijana hata viatu hawajavua!

Shoga, nikaenda kwenye ua wa uwanja, nikachuma jani la isale, nikampigia goti. "Mkuu, vijana wamekosa, wasamehe."

Akatia mikono mfukoni. MFUKONI, Hilaria! "Mama Eva, isale ni la mambo ya ukoo, siyo ya mpira."

Nikamwambia, "Basi likatae, baba. Kibosho nzima inatazama. Mchagga gani anakataa isale la msamaha?"

Vijana wa Dar wanacheka, hawajui kinachoendelea.

Mkono mmoja ukatoka mfukoni. Akalipokea kama linamuunguza. "Msimu mmoja tu, Mama Eva."

Mmoja unatutosha, hata tukifungwa tena msimu wote!

Sasa hivi timu nzima iko kwangu inakunywa mtori. Kipa aliyefungwa tano ndiye anaimba kuliko wote. Bakuli zimeisha, njoo na ya kwako.