Mimba Haijamkataa Saidi

Ijumaa. Asubuhi mvua imepiga, mchana jua limetoka na kuanza kuchemsha kila kilicholowa: matope, maganda ya ndizi, mfereji wa nyuma ya nyumba. Buyenzi yote, mtaa wetu, imekuwa sufuria moja, nami nimeinamishwa juu yake kama mtu anayejifukiza.

Mimba ni changa, lakini pua imeshakomaa.

Zamani nilijua habari za mtaa kwa kutega sikio dirishani huku nikishona. Sasa sihitaji hata dirisha. Jana jirani aliniambia ametoka kumwona mgonjwa. Kitambaa chake cha kichwa kikaniambia ametoka kwenye mishikaki. Mteja kaniletea gauni nilipunguze, na makwapa ya gauni yakanisimulia harusi nzima. Nimelitia ndani ya mfuko, mfuko ndani ya mfuko mwingine, na bado nalisikia linapumua.

Nachukia vitunguu. Nachukia ndagala, visamaki ambavyo zamani nilivila na vichwa vyake. Nachukia sabuni ya kunukia, maana inanuka kama mtu anayeficha jambo.

Zaidi ya vyote nachukia atari ya mume wangu.

Saidi ni fundi magari. Mimba ilipoanza, alirudi kutoka garaji siku ambayo mama yake alikuwa anakaanga ndagala uani kwetu. Akaingia, nikatapika. Yeye akatazama ovaroli yake, hakutazama kikaango. Mama mkwe, ambaye hajawahi kushindwa na mimba ya mtu mwingine, akatoa hukumu palepale: mimba imemkataa mume.

Kwetu hilo si la kutania. Mimba ikimkataa mume, mume anahamia kwa mama yake mpaka mtoto azaliwe, na mtaa wote unajua. Mafundi wenzake wameshaanza: "We Saidi, mutoto hajakuona na ameshakufukuza!"

Basi akaanza kujitakasa. Ovaroli ikapigwa marufuku kuingia ndani. Inalala kwenye kamba, nje ya mlango. Anaoga garaji kwa sabuni ya waridi, kisha anajipaka atari ambayo mama yake alimnunulia kwenye maduka ya Asiatique. Nzito, tamu, kama embe lililooza ndani ya sanduku la nguo. Kadiri nilivyotapika ndivyo alivyoongeza, na kadiri alivyoongeza, Mungu anajua.

Nilinyamaza. Ile ni zawadi ya mama mkwe, na mama mkwe hakosolewi, anashukuriwa.

Leo baada ya sala mama mkwe akaja mwenyewe, chetezo mkononi. Alikuja kuifukiza nyumba udi ili kuibembeleza mimba, kisha aondoke na mwanawe. Saidi alikuwa chumbani anafunga nguo. Alikunja shati, akalikunjua, akalikunja tena, kama mtu aliyepewa bolti lisiloshika. Hakunitazama.

Nilitaka kumwambia baki. Moshi wa udi ukaingia, atari ikatoka chumbani, vikakutana juu ya kichwa changu. Nikakimbilia uani.

Sikufika uani. Nilifika kwenye viatu.

Ndara mpya za mama mkwe, za ngozi, zenye shanga, alikuwa amezivua pale mlangoni kwa adabu. Chai, mkate, na kitu cha kijani ambacho sikumbuki kukila. Kiliingia mpaka katikati ya shanga.

"Umeona?" mama mkwe alimwambia Saidi kutoka ndani. "Apana kubisha tena. Beba nguo, twende."

Mbele ya uso wangu ilining'inia ovaroli, nyeusi kwa grisi. Sijui nani alinituma. Niliishika kwa mikono miwili, nikazika pua. Oili iliyoungua, vumbi, jasho la Saidi. Tumbo likatulia kama mtoto aliyepewa ziwa.

Nilipoinua kichwa, wote wawili walikuwa mlangoni.

"Unanusa nini, weye?" mama mkwe akauliza.

"Bwana yangu," nikasema. "Ni huyu hapa. Ule wa ndani simujui, mama. Ananuka duka."

Saidi akanusa mkono wa kanzu yake, kwa makini, kama anavyonusa injini. Akaivua, akavaa ovaroli, akaja kusimama karibu nami. Chini ya grisi, embe lilikuwa bado lipo. Nilivumilia. Tangu mimba ianze hajawahi kusimama karibu hivyo.

Mama mkwe alitutazama mpaka nikaanza kuogopa.

"Mi nimezaa," akasema, "na sijaona mimba ya kupenda grisi. Mutoto huyu atatoka na spana mukononi."

Akamimina maji kwenye chetezo mwenyewe, akavaa ndara za Saidi, kubwa kama mitumbwi, akaondoka bila kuaga. Nilizisikia zikipiga pwa, pwa, mpaka kona.

Saidi amebaki. Ameoga kwa maji matupu. Ndara za mama yake amezisafisha kwa petroli kidogo na kitambaa cha garaji, maana ndivyo anavyosafisha kila kitu, na shanga zimeng'aa. Nilizinusa mara moja kuhakikisha. Mara ya pili sikuwa na sababu.

Kesho lazima nizipeleke kwa mwenyewe. Najiuliza tu: nianze kwa kuomba radhi, ama nianze kwa kumwomba aniachie moja?