Kibao Ulichomvika Mama

Baba niliyekupenda, na ambaye leo nakukasirikia hata kaburini,

Nakuandikia mbele ya watu kwa sababu ulichotufanyia hukukifanya peke yako. Walimu wa enzi yako mlikuwa wengi, na wasomaji wa makala zangu watawatambua wazazi wao humu. Watu husema sisi Wapare tutauza ng'ombe ili tushinde kesi ya kuku. Basi leo nimeuza ng'ombe.

Nipo Guangzhou, ninakonunua vitambaa, maana kalamu hainilishi. Katika soko la vitambaa la Zhongda nina marafiki wawili tunaokula nao mchana: Nadzeya, mama wa Minsk anayenunua bitana, na Mahesh, Mmarwari wa Jodhpur, India, asiyekula nyama, ambaye kila siku huchokoachokoa tambi zake akitafuta nguruwe aliyejificha. Juzi walibishana kuhusu lugha zao.

"Kibelarusi kina kila kitu," Nadzeya alisema. "Kamusi kinazo, sheria inakitambua, hadi kwenye noti kimeandikwa. Ila nikikisema dukani Minsk, muuzaji ananijibu kwa Kirusi, halafu ananikagua: huyu mshamba au mpinzani wa serikali?"

Mahesh akacheka. "Dada, tugawie hizo kamusi! Sisi tuko mamilioni, na serikali inatuhesabu kuwa wasemaji wa Kihindi tu. Katiba ina orodha ya lugha, yetu haimo. Lakini ingia jikoni kwa mama, ingia dukani kwa mjomba, utasikia Kimarwari mpaka masikio yachoke."

"Basi nyinyi mna nyumba imejaa watu, haina hati."

"Na nyinyi mna hati, nyumba tupu. Nani amuonee mwenzake huruma?"

Kisha akanigeukia. "Na wewe, bosi wa Afrika? Yako ipi?"

"Kiswahili," nikasema, kifua mbele.

"Ndicho mama yako alichokubembelezea?"

Nilimwambia ale nguruwe wake anyamaze.

Unakumbuka kile kibao, Baba? Ulikichonga kwa mkono wako, ukakitoboa, ukakitia kamba ya katani. Mtoto aliyenaswa akisema Kipare nyumbani alikivaa shingoni, na hakukivua mpaka amnase mwenzake. "Lugha moja, taifa moja," ulituambia, na sisi tulionyonya titi moja tukageuka wapelelezi. Nilimnyatia mdogo wangu chooni nisikie kama anaimba.

Unakumbuka na siku nilipougua matubwitubwi? Shingo ilikuwa imevimba, kamba inanikata, na wewe ukasema sheria haina mgonjwa. Mama akaja na uji. Akapiga magoti mbele yangu, akakutazama wewe, akatamka maneno ya Kipare polepole, moja baada ya jingine, kama mtu anayeweka mawe mezani. Ukasimama. Ukakitoa kibao shingoni mwangu, ukamvika yeye.

Mkeo! Alikupakulia chakula nacho. Alikwenda kisimani nacho. Na angemnasa nani, wakati sote tulikuwa tumefunga midomo? Alikivaa mpaka wageni wa kanisani walipobisha hodi, ndipo ukaona haya ukakivua. Hukumuonea haya yeye. Uliwaonea haya wageni.

Sikikasirikii Kiswahili. Ninakiandika, kinanipa heshima, nitakigombania na yeyote. Lakini Kiswahili hakikuomba kafara. Kingekaa sebuleni, Kipare kikakaa jikoni, na nyumba isingepasuka. Nyinyi ndio mliotuambia lazima kimoja kichinjwe.

Nimewasikiliza Nadzeya na Mahesh nikaona uongo wenu ulivyo. Kibelarusi kimepewa kiti, na kiti hakikukitosha, kwa sababu wazazi wa Nadzeya walipohamia mjini waliona aibu kuonekana wametoka shamba. Kimarwari kimenyimwa kiti, nacho kinaishi, kwa sababu Mahesh humpigia mama yake simu kila asubuhi kabla ya kugusa kitambaa. Hata hivyo watoto wake huko Mumbai wameanza kumjibu kwa Kihindi, na siku wakimjibu hivyo huwa hamalizi tambi. Serikali inaweza kuinyima lugha hati. Anayeizika ni mzazi mwenye haya.

Sasa sikiliza kilichotupata. Mama amepata kiharusi. Yuko Dar kwa mdogo wangu, anakula, anatutambua kwa sura, lakini Kiswahili kimemtoka chote. Kimebaki Kipare. Anaongea mchana kutwa, na sisi watoto wako wote tunamtikisia kichwa kama wageni, kwa kuwa kile tulichokijua utotoni ulikichuna mpaka kikaisha. Nikipiga simu ananiita jina langu, halafu anasema jambo moja, lile lile, kwa uchungu. Daktari anasema hana muda mrefu. Nilikuwa naogopa atakufa akilisema na sitalijua.

Jana nilikwenda mtaa wa Dengfeng kwa Eliamini, muuza simu, mzaliwa wa Usangi, kwetu Upareni. Nikampigia Mama, nikamwekea Eliamini simu sikioni palepale barabarani, watu wakipita na mabunda yao. Akasikiliza. Akaacha utani wake wote.

"Anasemaje?"

"Dada, anauliza mbona humjibu. Anasema, mtoto baba yake amemvika tena. Anasema..." Akaziba sikio la pili asikie vizuri. "Anasema, kileteni kibao nikivae mimi, shingo ya mtoto inauma."

Hayo ya mwisho ndiyo maneno yale ya siku ile, Baba. Niliyaelewa nikiwa mtoto. Nikiwa mtu mzima, niliyesoma vitabu vyote hivi, imebidi muuza simu anitafsirie.

Nikamshika Eliamini mkono, nikamwambia anifundishe kumjibu. Akanitamkia neno kwa neno, nami nikamfuatisha kwa sauti, mtaa mzima ukisikia: sina kibao, mama, shingo yangu imepona. Kipare kibovu, kilichopinda. Upande wa pili mama akacheka, akaanza kunisimulia mambo.

Nitampigia tena leo, na kesho, Eliamini akiwa pembeni. Kama huko uliko bado una ile kamba ya katani, njoo univike.

Mimi binti yako wa kwanza, niliyenaswa.