Zawadi Iliyobeba Majina Mawili

Mpendwa mshauri Bi Penina, naomba msaada wako, na naomba unisome mpaka mwisho kabla hujanihukumu, maana mdogo wangu ameshanihukumu na hukumu yake inanitosha.

Mimi ni mwanamke wa miaka hamsini na nane, naishi peke yangu hapa Haifa, sikujaliwa mume wala mtoto, kazi yangu ni kushona mapazia, na mdogo wangu Orna anakaa mitaa miwili tu kutoka kwangu. Alipojifungua mapacha, Renana na Hadas, niliwapokea kama niliowazaa mimi, nikishona gauni nashona mbili, nikinunua viatu nanunua pea mbili, kwa miaka tisa sikuwahi kuingia nyumba ile na kitu kimoja mkononi. Kisha Hadas akatutoka. Homa ya uti wa mgongo, siku tatu, ya nne tukamzika. Tangu hapo, Bi Penina, mkono wangu mmoja hujiona mtupu kila nikipanda ngazi zao.

Mwezi uliopita Renana alitimiza miaka kumi na miwili, na wazazi wake wakamfanyia sherehe ya bat mitzva, kwa kuwa sasa ni mtu mzima mbele ya Mungu na amri zote ziko juu yake mwenyewe. Nilijua ndugu wengine wataleta bahasha za pesa, kiasi cha kumi na nane mara kadhaa kama ilivyo desturi, maana kwetu namba hiyo ni ya uhai, lakini mimi ni mama mkubwa wake, nikataka kumpa kitu cha kubaki. Nikaenda kwa sonara nikaagiza vinara viwili vya fedha vya mishumaa ya Sabato, maana msichana akifikia umri huo huwasha mishumaa yake mwenyewe, na vinara huuzwa viwili, sivyo? Basi kimoja nikakichorea jina la Renana, na cha pili nikakichorea jina la Hadas. Sonara alinitazama akaniuliza, "Una hakika, mama?" Nikamwambia fanya kazi yako.

Sherehe ilikuwa Jumanne, ukumbini. Binamu yangu Menashe alikuwa amesimama mlangoni kando ya sanduku la bahasha kama askari wa forodha. Akaniona na boksi langu akasema, "Geula, hapa hakiingii kitu ila karatasi. Au umemletea mtoto sufuria, aanze kupika kesho?" Nikacheka. Ningempa Menashe lile boksi akaliweka na zawadi nyingine, leo nisingekuandikia.

Lakini sikumpa, na sasa nitakuambia ukweli ambao sijamwambia mtu. Nilikaa na boksi mapajani jioni nzima nikisubiri mtu amtaje Hadas. Shemeji yangu Gadi akasimama kuhutubia, akashukuru babu na bibi, akashukuru walimu, akamsifu Renana hata wageni wakafuta machozi, na jina la mtoto wa pili hakulitamka. Kila neno alilosema liliniingia kama sindano. Nikajiambia, hawa wamemfuta. Alipokaa chini nikaenda mpaka meza kuu nikamwekea Renana boksi mbele yake, nikasema kwa sauti ya kusikika, "Fungua, mwanangu, fungua watu waone."

Akafungua. Alitoa kinara chake kwanza, akatabasamu. Akatoa cha pili, akasoma, na tabasamu likamtoka usoni. Hakulia. Alisema polepole, hata hasira hakuwa nayo, "Mama mkubwa, nilitaka siku moja iwe yangu." Kisha akavirudisha ndani ya boksi kimoja kimoja, akatoka kwenda chooni, na hakurudi mpaka keki ilipokatwa.

Orna alinishika mkono akanipeleka nje. Akaniambia, "Unajua kwa nini Gadi hakumtaja? Renana ndiye aliyeomba. Alituomba kwa mwezi mzima, na Gadi alilia usiku na mchana kabla ya kukubali. Wewe hukuuliza. Wewe umeleta kaburi mezani." Nikamwambia, "Nami pia nilimpenda." Akanijibu, "Nenda nyumbani, Geula."

Sasa ni wiki ya tano. Orna hapokei simu, na Ijumaa ambazo nilikuwa nakula kwao nakula peke yangu. Wiki iliyopita Gadi alikuja, akanipa lile boksi mlangoni, hakuingia. Ndani nilikuta kinara kimoja tu, chenye jina la Renana. Cha Hadas hakimo, nafikiri Orna amekitupa, na jambo hilo ndilo linalonikosesha usingizi. Je, nimnunulie mtoto zawadi nyingine kubwa zaidi? Nikidai kile kinara nitakuwa nimekosea? Niombe radhi kwa nani kwanza, na kwa kosa gani, ikiwa kosa langu ni kumkumbuka mtoto ambaye nami nilimzika?

Ni mimi, Geula, Haifa.

JIBU

Dada Geula, pole. Naanza na pole kwa sababu baada ya hapa nitakukemea, na sitaki usahau kwamba nilikupa pole.

Wanaoandikiwa barua za rambirambi ni wazazi. Shangazi na mama wakubwa hupikia wafiwa, huosha vyombo, kisha hurudi nyumbani kwao bila mtu kuwauliza wamelalaje. Nadhani miaka mitatu hii hakuna aliyekuuliza. Hilo ni kosa la watu wote, na Orna yumo.

Lakini usinidanganye kwamba kosa lako ni kukumbuka. Kosa lako ni "fungua watu waone." Zawadi haifunguliwi mbele ya wageni ukumbini, unalijua hilo tangu ukiwa msichana, na ulilivunja makusudi. Ulikuwa unamjibu Gadi, na mtoto wa miaka kumi na miwili ukamfanya karatasi ya kuandikia jibu lako. Zawadi ile ulijipa wewe mwenyewe, dada. Mwenye kovu usidhani kapoa, na wenye kovu nyumba ile ni watatu. Huyo mdogo alilala tumboni na marehemu, nawe ulifikiri anahitaji kukumbushwa?

Zawadi kubwa zaidi usinunue. Ukienda na boksi jingine utakuwa unanunua msamaha, na watoto huijua bei upesi kuliko sisi.

Unasema Orna amekitupa kinara. Mimi sidhani. Mwenye kutupa hutupa vyote, na mwenye kurudisha hurudisha vyote. Kuna mtu katika nyumba ile aliyeshindwa kuachana na jina hilo. Ni nani, haikuhusu. Usikidai, usikiulizie, na ukikiona siku moja kabatini, pitisha macho.

Sasa nisikilize. Mpigie Gadi, umwombe ruhusa ya kumwona Renana. Usiende Ijumaa, Ijumaa nyumba ina kazi ya kuandaa Sabato. Nenda mikono mitupu, na ndiyo, najua itakavyokuwia. Mwambie mtoto: nilikuharibia siku yako, nilijifikiria mimi, nisamehe. Usiongeze "lakini." Ukiona "lakini" inakuja, ng'ata ulimi. Kisha muulize anataka nini kutoka kwako, na akikuambia, fanya, hata kikikuuma. Hasa kikikuuma.

Orna muache aje mwenyewe.

Jibu hili nilimtumia Geula kwa posta kabla ya kulichapisha. Majuzi aliniandikia tena, na ameniruhusu niweke maneno yake hapa:

"Nilienda Alhamisi. Nilisema kama ulivyoniambia, bila 'lakini.' Renana alichezea kalamu, kisha akasema, 'Kitanda cha Hadas bado kiko chumbani kwangu. Mama hukibadilisha shuka kila wiki. Siwezi kulala nikikitazama, na siwezi kumwambia. Kichukue wewe, mama mkubwa.'

Bi Penina, ningetamani aniombe jicho langu. Lakini nilikwenda jikoni. Orna alikuwa anakanda unga wa mikate ya Sabato, hakugeuka. Nikamwambia nyumbani kwangu sina kitanda cha mgeni, nahitaji kile. Nilisema nakihitaji mimi. Aliendelea kukanda, akakanda mpaka nikadhani hakunisikia. Kisha akanawa mikono, akaingia chumbani, akatoa shuka, akazikunja pembe kwa pembe, akakaa nazo mapajani juu ya godoro tupu. Nikakaa kando yake. Tulilia.

Mwishowe akauliza, 'Mlango wako mwembamba. Kitapita?'

Nikamwambia tutakifungua miguu.

Akainuka, akaenda mwenyewe kutafuta bisibisi."