Ile "Hapana" Niliyomjibu Abdi

Alhamisi, baada ya Alasiri. Vumbi tangu asubuhi, Isiolo yote imekuwa rangi ya majivu, na mkwe wangu Saadia amefunga madirisha. Sikio la kushoto limejaa. Nimeshindwa kula.

Leo sitaandika juu ya chumvi.

Wanaonifuata hapa wanajua habari zangu. Kwa aliyefika leo: nina ugonjwa wa Meniere. Maji yaliyo ndani kabisa ya sikio yanazidi, na yakizidi, chumba kinazunguka, natapika, sikio linanguruma kama lori linalopanda mlima. Sikio la kulia lilikufa zamani. Sasa limebaki la kushoto, nalo limeanza njia ileile. Nimewaandikia jinsi ninavyoishi nao: chakula kisicho na chumvi, chai nyepesi, buna, kahawa yetu, nimeiacha kabisa, dawa za kupunguza maji, kuswali nikiwa kwenye kiti kwa sababu sujudu inanipindua. Nimewaandikia pia juu ya msumari. Kizunguzungu kikija nalala chali, nautazama msumari mmoja ukutani, ilipokuwa imening'inia kalenda, mpaka nyumba isimame.

Ugonjwa huu hauui. Kinachoniua ni ugonjwa wa moyo. Daktari ameniambia bila kuzunguka, nami nilifundisha watoto miaka mingi, najua mtu anapochagua maneno; yeye hakuchagua.

Kuna jambo moja sikuliandika, kwa aibu.

Daktari wa masikio kule Meru alinieleza kwamba ugonjwa huu mara nyingi huanza kula sauti nzito. Nyembamba huziacha nyuma. Ndivyo ilivyo. Saadia akiniita kutoka jikoni namsikia. Kengele ya mbuzi wa jirani naisikia. Sauti za wanaume zimekuwa ngurumo tu, hazina maneno. Rafiki yangu Galgalo alitambua kabla ya wengine, akalifanya mzaha mbele ya watu nje ya msikiti: "Huyu mzee sauti ya mwanamke anasikia toka Kipsing! Yetu sisi, hata uingie ndani ya sikio yake ukae, hapati!" Watu walicheka. Nami nilicheka. Ilikuwa rahisi kuitwa mzee mkware kuliko kuitwa kiziwi.

Nikajifunza kukisia. Mwanamume akisema, natazama uso, natazama mikono, natoa jibu linalofaa. Mara nyingi nafaulu.

Mwanangu Abdi ana sauti nzito kuliko zote ninazozijua. Na ana ndevu, midomo haionekani.

Abdi anaendesha lori la bidhaa, Isiolo hadi Merti, wakati mwingine mpaka Korbesa. Alipoacha chuo akashika usukani nilimfokea sana. Mimi yalinitoka moyoni zamani. Sikujua kwamba yeye bado anayabeba, na kwamba kila aliponisemesha nikatazama pembeni, alihesabu kuwa ni hasira ileile.

Jumatatu asubuhi alikuja kuniaga. Kizunguzungu kilikuwa kimetoka kunishika, bado nilikuwa nimelala, macho kwenye msumari. Alichuchumaa kando ya kitanda, akanishika mkono, akasema kitu. Nikasikia ngurumo. Kila safari huniuliza swali moja: nikuletee nini kutoka Merti? Samli, au nyama? Basi nikamjibu lile ninalomjibu siku zote.

"Hapana. Sitaki. Wewe nenda tu."

Aliuachia mkono wangu. Nilifikiri amechelewa.

Leo Saadia ameniletea uji, akauweka chini, hakuondoka.

"Aabo, baba yangu, nikuulize, na usinikasirikie?"

"Uliza, mama."

"Kwa nini ulimnyima?"

"Nilimnyima nani?"

"Abdi! Aliomba radhi zako. Alisema, Baba hatakaa sana, sitaki aende na kinyongo na mimi. Akaja hapa akakuomba. Ukamwambia hutaki." Alikuwa analia. "Alikaa kwenye lori, injini inanguruma, haendi. Mimi nilimwona."

Nimewahi kuanguka mara nyingi. Sijawahi kuanguka hivi nikiwa nimeketi.

Nikamwambia ukweli. Kwamba sikusikia neno. Kwamba huu ni mwaka wa pili sisikii maneno ya mume wake.

"Na yangu mbona unasikia?"

"Yako nyembamba."

Akanitazama. Kisha akacheka huku machozi yanamtoka. "Kwa hivyo ya Mzee Galgalo ni kweli? Aabo, na sisi tukadhani unachagua!"

Ndiyo. Walidhani ninachagua. Niliwaacha wadhani hivyo, kwa sababu mwalimu mstaafu hakutaka kupigiwa kelele kama mtoto.

Tumempigia. Simu yake haipatikani. Amepita Merti, huko Korbesa hakuna netiwaki ya kutegemea. Saadia alishika simu mbele ya mdomo wangu, nikasema yale ya kusema, sauti ikatumwa. Alama ya tiki bado ni moja; ya pili hutokea ujumbe ukimfikia. Nimeitazama mchana wote kama ninavyoutazama msumari.

Kisha Saadia akaniambia kitu ambacho sikukijua. Abdi husoma ukurasa huu. Kila anapofika mahali penye netiwaki huegesha lori, anasoma nilichoandika, kila neno. Kumbe amekuwa akinisikiliza hapa, mahali pekee ambapo nilikuwa naongea.

Basi wengine mtanisamehe. Yaliyobaki ni ya mtu mmoja.

Abdi, sikukataa. Sikusikia.

Nilidhani unaniuliza juu ya samli. Radhi zangu unazo, duniani na akhera, nami nazitamka mbele ya wote wanaosoma hapa. Lile la chuo lilikwisha. Chakula changu kisicho na chumvi, dawa zangu, paa hili, vyote vimetoka kwenye usukani wako, na sikuwahi kukuambia.

Ukirudi ukinikuta, usininong'oneze. Kaa upande wa kushoto, uandike kwenye karatasi, kwa herufi kubwa. Aibu imeniisha.

Na ukirudi usinikute, usiende kaburini kuuliza tena. Huko nitakuwa kiziwi zaidi.

Umeshajibiwa.

Sikio linazidi kujaa, herufi zimeanza kutembea. Saadia ameahidi kukaa na simu. Mimi nalala na msumari wangu. Je, hiyo alama ya pili itatokea nikiwa bado natazama?