Simu Iliyoita Nikisubiri Ngege

Dada Nyambura,

Kisumu jua linachoma. Mwalimu anayenifundisha sauti ya kike, yule wa mazoezi ya kupuliza mrija ndani ya glasi ya maji, leo alinituma peke yangu kando ya ziwa nikaagize samaki kwa sauti mpya. Niliogopa wanaume wa meza ya jirani watageuka wakinisikia.

"Ngege yako kavu ama ya supu, nyara?" mama muuzaji aliuliza. Kwa lugha yao, nyara ni 'binti yangu'.

"Ya supu, Mama." Hakuna aliyegeuka.

Hapo hapo Mama yetu akapiga simu. Unajua yeye bado anahesabu mimi ni kijana wake, nimekuja tu kutembelea shangazi. Nikipokea na sauti ya zamani, hawa watajua. Na mpya, atajua yeye.

"Shika simu, wee! Mamako atafikiri ziwa limekumeza!" mama muuzaji alisema, akichungulia jina kwenye kioo cha simu.

Niliacha ikaita mpaka ikanyamaza. Samaki alipoletwa, hata sikumaliza.

Mwambie Mama niko salama, usiongeze kitu. Nakupenda sana, Dada. Siku nitakayomwambia, tafadhali kaa karibu yangu.

Mdogo wako wa kike