Huile ya Carina na ushuhuda wa Tonton Télesphore

Mélanie, ikala kwanza. Nimejua nani anakunywa huile ya moteri ya Carina, ile gari marehemu bwana yangu aliniachia. Ni Tonton Télesphore! Ule mujomba nilipokea wakati vita ilimufukuza kwao Mudaka, analala bure kwangu!

Unakumbuka: carton naweka chini ya gari inabaki kavu, moshi iko safi. Haivuji, haiungui, lakini inaisha. Siku ile risasi zililia, nikapakiza maman tukimbie, moteri ikagonga bila huile, ikakufa katikati ya njia. Maman analia. Na Tonton ananiambia: "Omba, mutoto wangu." Omba!

Leo asubuhi nafagia chumba yake, chini ya kitanda: kamupira keusi ka kuvutia mafuta, kananuka huile. Nikakaweka mu sakoche yangu ya mukono.

Kufika ku maombi, anasimama kutoa ushuhuda. Ushuhuda, Mélanie! Ati tangu yeye analinda jenereta ya kanisa, huile haiishi, sawa ule mutungi wa mafuta wa mujane, ule nabii Elisha alisaidia. Watu wote: Alleluya!

Nikasimama, nikanyanyua kamupira. "Mutungi ni Carina yangu. Na mujane ni mie."

Hakuna mutu alisema Amina.

Sasa hivi natupa matelas yake inje. Mvua inanyesha mbaya. Anauliza atalala wapi. Nikamujibu: "Omba, Tonton."