Katani Nyuma ya Geji

Jumatatu, 10 Septemba 1956

Lori la Bwana Hamed limeletwa tena gereji kwangu hapa Usagara, Tanga. Ugonjwa ule ule: likipanda mlima na mzigo wa mbata linakata pumzi, linazimika. Mwenyewe anasema pampu mbovu. Mimi nasema chujio la dizeli limejaa uchafu wa mapipa yake. Tumebishana weee! Mwisho akatoa geji mpya kwenye boksi, kaiagiza Mombasa. Niifunge ndani, mbele ya dereva, ili presha ya dizeli ikishuka aione. Wazo zuri, nikubali tu, ingawa anaongea kana kwamba kazaliwa na spana mkononi.

Dereva ni shemeji Idarusi, mume wa dada'ngu Mwatumu. Kafurahi. Anasema sasa ataendesha kama rubani.

Jumanne, 11 Septemba

Geji imefungwa. Paipu nyembamba ya shaba imetoka kwenye injini, imepita ndani ya kebini mpaka nyuma ya geji, juu ya pedeli. Imekaa vizuri. Ila niandike hapa, maana kwingine nimesema uongo: nati ya nyuma ya geji haina washa, ile pete ya kuzuia dizeli isivuje.

Washa ya shaba iliyokuja na geji ilinidondoka, ikapotelea kwenye shimo la gereji. Nilikuwa nayo moja kuukuu. Ukiichoma mpaka ikawa nyekundu hulainika, ikafunga tena kama mpya. Lakini jiko lilikuwa baridi, na Bwana Hamed kasimama mlangoni anatazama saa yake. Basi nikachambua nyuzi za katani, nikapaka rangi, nikazungushia. Miaka sita kiwandani, kwenye shamba la mkonge, nimefunga hivyo mabomba ya maji na halijavuja hata moja. Nikawasha injini, nikatandika gazeti chini. Dakika kumi. Kavu.

Idarusi akauliza: shemeji, washa umeweka? Nimeweka. Mpya? Mpya.

Lilinitoka tu. Ningemwambia katani angecheka, basi, yangeisha.

Alhamisi, 13 Septemba

Idarusi karudi kutoka Kigombe. Geji inafanya kazi — mlimani presha inashuka. Chujio! Nilisema mimi.

Anasema kebini inanuka dizeli kidogo. Nikamwambia ni upya wa paipu. Nilikuwa nakula. Nitaangalia Jumamosi.

Jumamosi, 15 Septemba

Sikuangalia. Nilipofika gereji lori lilikwishaondoka kwenda Mkwaja.

Adhuhuri kaja mtu na habari. Lori limeacha njia kwenye mteremko, kabla ya Kigombe, limegonga mnazi. Idarusi mzima, alhamdulillahi, ila mkono wa kushoto umevunjika. Anasema alikanyaga breki, mguu ukateleza.

Yule mtu hajamaliza kusema, mimi nilishajua.

Jumapili, 16 Septemba

Lori limevutwa mpaka kwangu. Bwana Hamed kaniambia: tazama breki, tazama kila kitu, kisha nipe kweli.

Nikaingia kebini peke yangu. Katani imelowa chapachapa. Maji huivimbisha katani, ikakaza. Dizeli haiivimbishi, inapita ndani yake kama kwenye utambi wa taa. Mtu wa Tanga mimi, nimekula kwa katani maisha yangu yote, na hilo sikulifikiri. Tone moja moja, siku nne, juu ya pedeli ya breki. Mpira wake unateleza hata kwa kidole.

Na mimi nikafanya nini? Nikawasha jiko. Leo jiko liliwaka! Nikaichoma ile washa kuukuu, nikaifunga pale. Nikasugua pedeli kwa unga wa mbao na sabuni. Katani nikaitia motoni. Bwana Hamed alipokuja nikamwambia sikuona kitu.

Astaghfirullah. Kazi ya kufunga washa ilinichukua robo saa.

Jumatano, 19 Septemba

Mwatumu kaja. Bwana Hamed anasema kama breki nzima na pedeli kavu, basi Idarusi alisinzia, na dereva msinziaji hapandi lori lake tena. Wenye malori wote kuanzia hapa mpaka Pangani atawaambia. Isipokuwa Ijumaa, baada ya sala, Idarusi ashike msahafu aape kwamba hakusinzia. Akiapa, Bwana Hamed hatasema neno.

Mwatumu wala hana wasiwasi. Si ataapa tu, kaka, anasema. Hakusinzia yule.

Nikapumua. Ataapa, na kiapo chake ni cha kweli, na hakuna atakayeniuliza mimi. Usiku nimekula sahani nzima. Naandika haya na najiona mnyama.

Alhamisi, 20 Septemba

Nimekwenda kumtazama Idarusi. Hataki kuapa.

Aliniuliza polepole, mkono uko kwenye banzi. Shemeji, ulitazama vizuri? Nilitazama. Pedeli ilikuwa kavu? Kavu. Akasema: basi labda nilisinzia kweli. Mimi nakumbuka mguu ukiteleza, lakini mtu akisinzia anaota. Wewe ndiye fundi. Kama wewe hukuona kitu, mimi siwezi kushika msahafu juu ya jambo nisilo na hakika nalo.

Nikamwambia apa tu, shemeji, hukusinzia. Akanitazama. Umejuaje?

Nikasema nakujua wewe. Mwatumu akanishukuru. Alinishukuru, na akanifungia mikate ya kumimina niende nayo. Iko pale chini ya kawa, sijaigusa.

Ijumaa, 21 Septemba

Idarusi yuko hapa. Kaja mapema tufuatane msikitini. Baada ya sala atamwambia Bwana Hamed kwamba alisinzia, anataka nisimame naye asione haya peke yake. Nimemmiminia maji atawadhe, mkono mmoja haumtoshi. Nimeosha mguu wake wa kulia kwa mkono wangu huu. Kaniombea dua.

Yuko uani anajifuta. Mimi nimesema naingia kuchukua kofia.

Makubadhi yake alikuwa kayavua mlangoni. Ni yale yale ya siku ile, hana mengine. Mwatumu kayapaka dawa juu yang'ae kwa Ijumaa, lakini soli hakuigusa. Nimeliokota la kulia. Soli nyeusi, ngozi imelainika. Nimelinusa. Siku sita, na dizeli bado iko.

Nimeingia nalo. Nimeliweka mezani, juu ya daftari, na ukurasa umeshika doa, hapa pembeni ninapoandika. Jiko liko karibu. Mkaa upo.

Anaita kutoka uani: shemeji, kubadhi langu moja silioni. Umeliona?